Nimeambiwa niandike falsafa yangu ya dizaini, nikiisoma naona si yangu

mwana_wa_mishomoroni

Assalam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Mi ni dizaina wa bidhaa, yani vitu vya kushika kwa mkono si vya kwenye simu, nna miaka 24, nimemaliza chuo mwaka jana hapa hapa Mombasa. Kuna mahali nimeomba kazi wakanipigia, wakanambia picha za kazi zako tumeziona, sasa tuletee ukurasa mmoja utueleze falsafa yako, unaamini nini unapobuni kitu. Nkaona hiyo rahisi. Nikaketi na laptopu usiku mmoja nikaimaliza. Niliandika naamini urahisi, naamini mtu kwanza, naamini kulinda mazingira, nikamtaja na Dieter Rams, yule dizaina Mjerumani aliyeingia kampuni ya vyombo vya umeme ya Braun mwaka 1955 akaja kutoa zile kanuni zake kumi, ile ya mwisho ya kwamba dizaini iwe kidogo iwezekanavyo naipenda mpaka nimeiandika ukutani juu ya kitanda.

Asubuhi nkaisoma tena hamu yote ikaniisha. Hakuna uongo pale, lakini ukifuta jina langu ukatia la mtu yeyote wa darasa letu karatasi ni ile ile. Na kinachonikera zaidi ni kua kuna kitu nakijua mimi, nimekipata kwa machungu, na hakimo.

Mradi wangu wa mwisho chuoni ulikua mkokoteni wa maji. Kwetu Mishomoroni mfereji unaweza kukauka siku kadhaa, watu wananunua kwa mitungi, na kuna mzee anatuletea tangu niko shule ya msingi. Mtungi mmoja lita 20, hiyo ni kilo 20, na yeye hupakia mitungi 20 kwa mara moja, sasa piga hesabu mwenyewe, kilo 400 na mkokoteni haujahesabiwa, halafu auvute kwenye mchanga na mashimo jua la saa sita. Nilimuonea uchungu wa kweli. Nikautengeneza wa alumini, mwepesi, magurudumu ya spoki kama ya baiskeli ila manene, mipini ya kukunja, breki ya mkono yenye waya. Na vile vipande vya tairi kuukuu vinavyoning'inia nyuma ya mikokoteni yote nikavitoa, nlidhani ni takataka tu mtu kapigilia. Walimu wakaupenda sana, alama nikapata nzuri, na picha yake ndo inafungua potifolio yangu mpaka leo.

Nikampa mzee autumie. Siku ya 16 akaurudisha.

Hakunitolea neno baya. Waya wa breki umeshika kutu haurudi, hewa yetu ya chumvi mnaijua, spoki tano zimekatika, na fremu imepasuka kwenye kona. Alikua ameupeleka kwa fundi wa kuchomelea pale stejini akaambiwa hii si chuma, mashine yangu haishiki alumini. Siku nne hakubeba maji, na yule ni mtu anayekula kwa anachopata siku hiyo. Akanambia "mwanangu, gari lako zuri, lakini likivunjika sina pa kulipeleka ila kwako, na wewe uko chuo." Nikamuuliza na vile vipande vya tairi huko nyuma ni vya nini hasa? Akanitazama kama nimemuuliza mlango ni wa nini. Akaenda kuuleta ule wa zamani akanionyesha, akiteremka huinua mipini juu, nyuma inashuka, ile mipira inakwaruza lami na mkokoteni unatulia. Ile ndo breki yenyewe! Haina waya, kutu haiijui, ikilika unakata kipande chengine cha tairi unapigilia. Mi niliitoa kwa mkono wangu nikatia kitu kibovu mahali pake.

Sasa maswali yangu ni haya, naomba mnijibu kwa uwazi. Nyinyi falsafa zenu mlizipataje? Na je niuweke huu mkokoteni kwenye ukurasa na yote yaliyotokea, au wataona huyu hajui kazi?

---

bintimvita

Waalaykum salam kaka. Mi nadizaini upande wa simu, chuma sijawahi kukishika, lakini swali lako ni la sote.

Chukua kila sentensi uliyoandika uigeuze kinyume. "Naamini ugumu." "Mtu kwangu hana maana." "Mazingira na yaharibike." Kuna atakayeandika hivyo? Hakuna. Basi sentensi hiyo haijakugharimu kitu, ni sawa na mtu kusema mimi napenda heri. Sasa jaribu hii: kitu nnachobuni lazima kiweze kutengenezwa na fundi aliye karibu na mwenye nacho, hata kikiwa kizito zaidi, hata kisipopendeza kwenye picha. Igeuze uone. Wapo watu wenye akili zao timamu wanaofuata kinyume chake kila siku, wanatoa simu ambayo betri huwezi kuifungua mwenyewe, na sababu wanazo, simu inakua nyembamba, maji hayaingii kirahisi. Hapo sasa umesimama upande mmoja na mtu anaweza kubishana na wewe. Mi naona kama hakuna wa kubishana nawe bado hujasema kitu.

Yangu mi ilinijia jikoni kwetu. Mamangu huuza viazi karai na bajia za dengu jioni, mikono yake imejaa mafuta na unga tangu alasiri, na simu yake mwangaza ameupunguza mpaka mwisho kubania chaji. Siku moja nilimpa programu niliyoichora ofisini, nzuri, rangi za kutulia, vitufe vyembamba. Alibonya mara tatu kidole kikateleza, akairudisha mezani akamwambia mteja ngoja mwanangu atanisaidia. Tangu siku hiyo kila skrini nnayochora naijaribu kwa kidole kilichopakwa mafuta, nje, juani, mwangaza chini. Kwenye ukurasa wangu niliandika hivyo hivyo, mafuta na yote. Nilipoitwa kwenye intavyu waliniuliza hilo tu karibu nusu saa.

Na kama wataka mfano mkubwa angalia M-Pesa ilipotoka Machi 2007. Ilikaa kwenye menyu ya laini, simu ya mulika mwizi ilitosha. Na kwenye majaribio kabla ya hapo lengo lilikua watu walipe mikopo yao midogo kwa simu, wakaonekana wanatumiana pesa wao kwa wao, wenye mradi wakawafuata watu walikokwenda. Wangeng'ang'ania wazo lao la kwanza sijui tungekua tunaongea habari gani leo.

Mkokoteni uweke. Tena na ile siku ya 16 uiandike kwa tarakimu.

---

fundi_majiko

Mwanangu nimekusoma mara mbili. Mimi nagonga bati huku Majengo, majiko, ndoo, masanduku, kazi nimerithi kwa babangu, kuandika kwangu mtanisamehe.

Nataka nikwambie habari ya jiko. Hili jiko la udongo ndani, ambalo nyumba nyingi hapa mjini lipo, vijana wengi wadhani ni la tangu na tangu. La. Zamani lilikua bati tupu, moto watoka ubavuni, makaa yaisha haraka, mtoto akiligusa ameungua. Hili la udongo lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wazo la kutia udongo ndani lilitoka Thailand, likaja kugeuzwa hapa Kenya likafaa kwa sufuria zetu. Sasa lichukue uliweke mbele yako ulitazame kiuno chake, juu pana, katikati pembamba, chini pana. Kiuno kile si urembo. Udongo umekaa nusu ya juu peke yake, kiuno kimeushikilia, na huko chini ni bati na jivu. Na chini kumeachwa pana kwa sababu mtu akisonga sima ile nguvu ya mwiko yaweza kupindua jiko, akimwagikiwa ni hatari. Ukipasuka udongo, wanunua udongo mwengine waja kwangu nautia, bati ni lile lile. Likioza bati, udongo kama mzima nauhamisha. Anayechoma udongo si mimi na mimi kwake sifiki, kila mmoja ana kazi yake na jiko latukutanisha.

Nakwambia haya ili usije ukadhani kosa lako ni alumini, au ni kuleta kitu kigeni. Jiko nalo lilikua geni. Kosa ni kua ulitoa kabla hujauliza. Mimi mtu akiniletea jiko lake nitengeneze, nikikuta amefunga waya mahali nisipoelewa, siukati, nasubiri aje nimuulize huu waya wa nini. Mara nyingi ana sababu, na sababu yenyewe utakuta ni nzuri kuliko nilivyodhania, mama mmoja alikua amefunga waya kwenye mlango wa jivu nkaona ni ujinga, kumbe watoto wake wachezea pale na yeye amefunga wasiufungue. Sasa milango yangu yote naitia kikulabu kidogo, na ni waya wa yule mama.

Kwenye karatasi yako mtaje mzee, bila jina kama hataki, lakini ieleweke kuna mtu. Na ile mipira ya tairi uieleze vizuri ilivyo, mtu aliyekaa ofisini hajawahi kuvuta rukwama hatojua wazungumza nini.

---

warsha_changamwe

Naongea kama mtu anayesoma hizo karatasi maana nna warsha na huajiri vijana. Mambo mawili sijayapenda, na mengine nakubaliana na waliotangulia.

La kwanza, usije ukaugeuza mkokoteni wa zamani kua kitu kitakatifu. Sasa hivi umeumia na umejifunza, vizuri, lakini mtu aliyeumia huwa anaruka upande wa pili. Wewe ulianza kwa sababu mzee wa watu anavuta kilo 400 na mgongo wake unaisha. Huo mgongo bado unaisha! Breki ya tairi ni ya akili sana, nakubali, lakini mkokoteni wenyewe ni mzito, umetengenezwa kwa ekseli ya gari lililokufa kwa sababu ndo kilichopatikana, hakuna aliyekaa akachagua. Ukiandika tu "naheshimu walichobuni watu" ukaishia hapo, mzee atabaki na mgongo wake na wewe utabaki na sentensi nzuri. Nataka kuona kwenye karatasi yako utafanya nini na vyote viwili, breki yake na mgongo wake.

La pili, sijaona bei mahali popote. Ule wa alumini ulitumia ngapi? Mzee angeweza kuununua? Na je umeuliza ule wa zamani ni wake? Nakuuliza kwa sababu wengi ninaowajua mimi hawana mkokoteni, wanakodi kwa siku, jioni wanapeleka hela kwa mwenyewe. Kama ni hivyo basi anayevuta na anayenunua ni watu wawili tofauti, na mwenye kununua mgongo haumuumi. Hilo likikupita hata utengeneze kwa dhahabu hautatoka chuoni.

Mimi falsafa yangu ukiniuliza ni daftari. Kila kitu nnachotoa naandika nani kalipa, nani anatumia, nani anakitengeneza kikiharibika. Zile nafasi tatu zikijaa jina moja kazi ni nyepesi, zikiwa majina matatu nasimama kwanza.

---

mwana_wa_mishomoroni

Shukran dada bintimvita, shukran mzee wangu fundi, na bosi wa warsha nakushukuru zaidi ingawa usiku ule sikulala vizuri.

Nilienda kwa mzee Ijumaa baada ya swala, nikamkuta ameketi barazani ananyoosha miguu. Nikamuuliza moja kwa moja. Mkokoteni si wake. Anakodi shilingi 100 kwa siku, na matengenezo ni juu yake yeye si ya mwenyewe. Halafu akanambia jambo ambalo hakuwahi kunitajia, zile siku zote 16 alizokua na mkokoteni wangu alikua akiendelea kulipa kodi ya ule mwengine, kwa sababu angeuachia siku moja angepewa mtu mwengine. Yani mkokoteni wangu wa bure ulimgharimu shilingi 1,600, na siku nne za mwisho alilipa bila kubeba mtungi hata mmoja. Nikamuuliza mbona hukunambia? Akasema "ulikua unafurahi." Nilishindwa kusema kitu. Pesa nimemrudishia, alikataa kwanza, akachukua nilipomwambia ni deni.

Ule wa alumini ulinila elfu 38, nusu yake mamangu alinikopea kwenye chama. Jibu la bei ndo hilo, hakuna mwenye mikokoteni atakayetoa hela hiyo.

Basi tukaugeuza ule wa zamani chini juu tukaukagua pamoja, na sitaficha, mwaka mzima nauchora mkokoteni sikuwahi kuulaza hivyo. Beringi zimekufa, hazina grisi, upande mmoja gurudumu linayumba. Tairi zina upepo nusu. Mipini imefungwa mbali kuliko mabega yake, anavuta mikono imepanuka kama anayekumbatia nguzo. Uzito wa chuma ni kweli upo, lakini mwingi wa ule mvuto anaopambana nao uko kwenye magurudumu. Tulinunua beringi za tuktuk, zinapatikana kila duka la spea hapa mjini, fundi yule yule wa stejini akachomelea vikombe vya kuzishika na akasogeza mipini karibu. Chuma kwa chuma, hakulalamika. Vipande vya tairi viko pale pale, tumeongeza kimoja katikati kwa sababu mzee mwenyewe alisema alitaka hivyo siku nyingi. Vyote na ufundi ikawa 2,900, na mwenye mkokoteni amekubali nusu ya gharama hiyo ikatwe kwenye kodi baada ya mzee kumvutisha mwenyewe ajionee, mkokoteni ukiwa umejaa.

Ukurasa nimeuandika upya. Nauweka hapa wote mnikosoe:

"Mwaka jana nilibuni mkokoteni wa maji wa alumini. Siku ya 16 ulirudishwa. Ulivunjika mahali ambapo fundi wa mtaani hangeweza kuutengeneza, na nilikua nimeitoa breki nzuri ya mpira wa tairi kwa sababu sikujua kua ni breki. Mtu niliyetaka kumpunguzia mzigo alilipa 1,600 kwa ajili ya kosa langu na hakunambia. Sasa nafanya hivi. Sitoi kitu kwenye chombo cha mtu mpaka aliyekitia anieleze. Natumia malighafi ambayo fundi wa mita mia kutoka kwa mtumiaji anaijua. Nauliza nani analipa kikiharibika, na nauliza tena siku nyengine, kwa sababu mara ya kwanza watu hukuonea haya. Bado nampenda Rams na ile kanuni yake ya kumi. Ila kabla ya kupunguza nataka kujua napunguza cha nani."

Picha ya alumini nimeihamisha nyuma. Ya mbele sasa ni ile breki, kwa karibu, na mguu wa mzee unaonekana pembeni, ruhusa nimemuomba.

---

bintimvita

Kaka hiyo ya kuuliza tena siku nyengine naichukua, wallahi naiandika ukutani. Sisi watu tunawakalisha mara moja, dakika 20, tunawapa soda, wanatwambia programu nzuri sana, tunarudi ofisini tumefurahi. "Ulikua unafurahi" imenikaa kifuani tangu nilipoisoma.

Kitu kimoja tu, ile "mita mia" kama hujaipima itoe, au upime.

---

fundi_majiko

Hapo sasa nimekuona wewe mwanangu. Mwambie mzee namsalimu. Na zile beringi azitie grisi kila mwezi, ya kopo, hii hewa haimsubiri mtu.

---

warsha_changamwe

Karatasi hii ningemwita mwenyewe tuongee. Swali la mwisho, hicho kipande cha tatu cha katikati, umejaribu kuteremka nacho lami ikiwa imelowa? Mpira kwenye maji hauna tabia ile ile, na kilo 400 zikianza kukimbia nyuma yako hakuna pa kukimbilia.

---

mwana_wa_mishomoroni

Sijajaribu. Nilijaribu kwenye ukavu tu, mitungi 20, mara sita. Mita mia nimeipima leo kwa hatua, ni kama 140, nimeibadilisha.

Nimeongea na mzee, mvua ikinyesha tutaenda ule mteremko wa karibu na msikiti, tuanze na mitungi mitano, tuongeze mitano mitano, mi mbele na yeye, na kamba ya pili nyuma ashike binamu yangu. Karatasi nimewaambia nitaileta wiki ijayo. Matokeo ntayaandika hapa hapa.